Mshindo wa Maji Bondeni Kilombero

Bonde la Kilombero limelala kati ya milima isiyofanana: upande wa kaskazini-magharibi umesimama ukuta wa Udzungwa, unaopanda ghafla kutoka kwenye mashamba ya mpunga ya Mngeta na Chita, na upande wa kusini, nyuma ya Malinyi, nchi inainuka kuelekea Mbarika na Mahenge. Katikati ni tambarare ambako mito ya Ruhudji, Mnyera, Mpanga na Kihansi hukutana na kuwa mto mmoja, na ambayo kila masika sehemu yake kubwa hugeuka kuwa ziwa la muda. Umbo hilo la nchi ndilo lililowapa wakazi wa kando ya milima njia nyepesi kuliko zote ya kupata maji ya bomba, ile ambayo mafundi huiita maji ya mserereko: chanzo hujengewa banio mlimani, bomba hufukiwa likishuka bondeni, na uzito wa maji yenyewe hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na pampu. Umbo hilo hilo ndilo lililowavuta wahandisi wa umeme hadi Kihansi, ambako mto hushuka takriban mita 850 kabla ya kuingia bondeni.

Bomba la kijijini na njia ya maji ya Kihansi havilingani kwa ukubwa, kwa gharama wala kwa wanaovitunza, lakini vina adui mmoja asiyeonekana kwenye mchoro wa mradi. Adui huyo ni mshindo wa maji, yaani kupanda au kushuka kwa ghafla kwa msukumo ndani ya bomba pale mwendo wa maji unapobadilishwa kwa haraka, ama kwa sababu valvu imefungwa, ama pampu imezimika, ama hewa iliyokuwa imejificha ndani imetoka kwa mkupuo. Msukumo unaozungumziwa hapa ni kile ambacho vitabu vya fizikia vya shule hukiita kanieneo na ambacho mtaani huitwa presha. Makala haya yanaupima kwa mita za maji, yaani kimo cha safu ya maji ambayo uzito wake ungeleta msukumo huo, kwa kuwa hicho ndicho kipimo ambacho mtu anaweza kukikadiria kwa macho akiutazama mlima.

Dhana iliyozoeleka ni kwamba bomba hupasuliwa na kimo: kadiri chanzo kilivyo juu, ndivyo bomba la chini linavyoelemewa. Dhana hiyo ni ya kweli kwa maji yaliyotulia, na ndiyo sababu miradi ya mserereko hujengewa matangi madogo ya kupunguza msukumo katikati ya mteremko. Hata hivyo haitoshi kueleza kwa nini bomba ambalo limebeba uzito wake wote usiku kucha, koki zote zikiwa zimefungwa, hupasuka saa moja asubuhi mara tu mtu anapoichezea valvu kuu.

Anayeishi kando ya reli ya TAZARA, iwe Ifakara, Chita au Mlimba, ameshausikia mfano ulio bora kuliko mchoro wowote. Treni ya mizigo inaposimama kwa ghafla, kichwa hutangulia kusimama, behewa la kwanza likakigonga, la pili likaligonga la kwanza, na mlio huo ukasafiri kuelekea nyuma behewa kwa behewa, huku la mwisho likiendelea kwenda mbele kwa muda kana kwamba halijapata habari. Maji yaliyomo bombani hufanya vivyo hivyo. Valvu inapofungwa, tabaka la maji lililoigusa husimama, lakini maji yote yaliyo nyuma bado yanakuja. Tabaka baada ya tabaka husimama na kubanwa, na mpaka kati ya maji yaliyosimama na yale yanayokwenda hupanda bomba kuelekea kwenye chanzo. Mpaka huo unaosafiri ndio wimbi la mshindo. Likifika kwenye tangi la juu hugeuka na kurudi, likiufuta msukumo uliozidi. Likifika tena kwenye valvu iliyofungwa huondoka kwa sura ya pili, ya mnyonyo badala ya mbano, na safari hizo za kwenda na kurudi huendelea, kila moja ikiwa hafifu kuliko iliyotangulia, hadi msuguano uzimalize.

Husemwa kwamba maji hayabanwi. Hubanwa, ila kidogo mno, na bomba nalo hutanuka kidogo mno, na hayo mawili kwa pamoja ndiyo yanayoamua wimbi litakwenda kwa kasi gani. Ndani ya bomba la chuma wimbi hukimbia kati ya mita 1,000 na 1,300 hivi kwa sekunde. Ndani ya bomba gumu la plastiki la PVC, ambalo hutanuka kwa urahisi zaidi, hupungua hadi kati ya mita 300 na 500. Na ndani ya bomba jeusi la plastiki laini, lile linalouzwa kwa kukunjwa roli, hupungua zaidi ya hapo. Uteketeke wa bomba, kwa hiyo, si udhaifu mtupu, kwa sababu bomba linalotanuka humeza sehemu ya mshindo ambayo bomba la chuma lingeirudisha yote.

Aliyeyafunga mambo haya kwenye hesabu moja fupi ni Nikolai Joukowsky, mwanahisabati wa Urusi, aliyefanya majaribio kwenye mabomba ya maji ya mji wa Moscow mwaka 1897 na 1898. Miaka 40 hivi kabla yake, Luigi Federico Menabrea wa Italia alikuwa ameshaanza kulitafuta jibu kwa njia ya nishati, na baada yake Lorenzo Allievi, Mwitalia mwingine, aliijenga nadharia kamili mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini kanuni inayotumika kila siku hubeba jina la Joukowsky. Inasema kwamba ili kupata mshindo kwa mita za maji, chukua kasi ya wimbi, izidishe kwa kasi ya maji iliyozimwa ghafla, kisha ugawe kwa 9.81, ambayo ni mchapuko unaoletwa na mvutano wa dunia. Maji yaliyokuwa yakienda mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, yakisimamishwa papo hapo kwenye bomba la chuma ambalo wimbi lake hukimbia mita 1,200 kwa sekunde, huzaa mshindo wa takriban mita 122. Kwenye bomba la PVC lenye wimbi la mita 400 kwa sekunde, mwendo huo huo huzaa takriban mita 41.

Jambo la kuzingatiwa katika kanuni hiyo ni kile kisichokuwemo. Hakuna kimo cha mlima, wala hakuna urefu wa bomba. Mshindo hauulizi chanzo kiko juu kiasi gani. Huuliza tu bomba ni la aina gani, maji yalikuwa yakienda kwa kasi gani na yamesimamishwa kwa haraka kiasi gani. Jambo hilo linaonekana dogo, nalo ndilo linalopindua hesabu ya nani yuko hatarini zaidi katika bonde hili, kama Kihansi itakavyoonyesha.

Kituo cha umeme cha Kihansi ya Chini kilikamilika mwaka 2000 kikiwa na mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja, jumla megawati 180. Duniani kinajulikana zaidi kwa chura wake mdogo wa rangi ya dhahabu, aliyegunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko, ambaye baada ya maji kuhamishiwa kwenye mitambo ilibidi ajengewe mfumo wa mabomba ya kumnyunyizia mvua ya bandia. Lakini kwa mwanafunzi wa mabomba, ajabu ya Kihansi imo ndani ya mlima. Maji huchukuliwa juu ya maporomoko, yakashushwa kwenye shimo la wima lenye kina cha takriban mita 500, yakapita kwenye handaki linaloteremka kwa zaidi ya kilomita 2, na kufika kwenye ukumbi wa mitambo uliochongwa chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya njia hiyo imeachwa kuwa mwamba mtupu, kwa imani iliyopimwa kwamba uzito wa mlima unatosha kuyabana maji, na chuma kimewekwa kule chini, karibu na mitambo. Hapo chini maji yaliyotulia yana msukumo wa mita 850 hivi, zaidi ya mara 80 ya msukumo wa hewa tunayoivuta.

Mitambo yenyewe ni ya aina ya Pelton, iliyopata jina kwa Lester Pelton wa Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1880. Ni gurudumu lililozungushiwa vikombe, na maji huyafikia vikombe hivyo kupitia pua nyembamba, yakitoka kwa kasi ya karibu mita 128 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 450 kwa saa. Ndani ya kila pua kuna sindano nene ya chuma inayosogea mbele na nyuma: ikisogea mbele, mdomo wa pua huziba na maji hupungua, ikirudi nyuma, maji huongezeka. Umeme unaozalishwa huondoka kwa njia mbili za kilovolti 220, moja ikipanda Iringa na nyingine ikifuata bonde hadi Kidatu.

Tatizo huanza pale njia hizo zinapokatika, kwa radi au kwa hitilafu ya gridi. Mtambo uliokuwa ukisukuma mzigo wa megawati 60 hujikuta ghafla hausukumi kitu, na kwa kuwa maji bado yanaupiga, huanza kuongeza mwendo. Ukiachwa, gurudumu la aina hiyo linaweza kukaribia mara mbili ya mwendo wake wa kawaida, jambo ambalo jenereta haipaswi kulifikia. Maji lazima yaondolewe kwenye vikombe ndani ya sekunde moja au mbili. Lakini wimbi la mshindo, likikadiriwa kwa urefu wa njia hiyo na kasi yake ndani ya mwamba na chuma, huhitaji sekunde 4 au 5 kupanda hadi juu na kurudi, na kuziba pua kabla ya wimbi kurudi ni sawa na kuziba papo hapo. Mhandisi amebanwa pande mbili: mtambo unamtaka awahi, bomba linamtaka achelewe.

Jibu la wahandisi wa mitambo ya Pelton ni la busara kiasi kwamba linastahili kutazamwa kwa karibu. Mbele ya kila pua, nje kabisa ya bomba, huwekwa bamba la chuma lililopinda. Mzigo ukikatika, bamba hilo huingia kwenye njia ya maji kwa kufumba na kufumbua na kuyageuza yapige ukuta badala ya vikombe. Gurudumu limeokolewa, na bomba halikuhisi lolote, kwa sababu pua bado iko wazi vile vile na kiasi cha maji yanayotoka hakijabadilika hata lita moja. Ndipo sindano huanza kusogea, kwa utaratibu, kwa makumi ya sekunde, ikiyapunguza maji kidogo kidogo hadi yaishe. Kazi ya haraka imepewa bamba, kazi ya polepole imepewa sindano, na mshindo umebaki sehemu ndogo tu ya ule ambao ungetokea.

Sasa mizani iwekwe. Ndani ya mlima wa Kihansi, kila mita 1 ya kasi inayozimwa ghafla ingeongeza mita 130 hivi juu ya 850, yaani sehemu 15 katika 100, na mwamba pamoja na chuma cha huko vilipangwa tangu mwanzo vikiwa na nafasi kwa ajili ya ongezeko kama hilo. Kwenye bomba la chuma la kijiji ambacho tangi lake liko mita 30 tu juu ya vituo vya kuchotea maji, mita ile ile 1 ya kasi ingeongeza 122 juu ya 30, na bomba lingejikuta limebeba mara tano ya mzigo liliouzoea. Mradi mdogo wa mteremko mdogo, ambao kwa macho unaonekana hauna lolote la kuogopesha, ndio ambao mshindo huuzidi kwa mbali. Kihansi kuna bamba, sindano, vipimo na watu wa zamu usiku na mchana. Kijijini kuna valvu moja ndani ya chemba yenye mfuniko wa zege, na ufunguo wake uko kwa fundi bomba.

Kidatu, kwenye mlango wa kaskazini wa bonde, hali ni nyingine. Mitambo yake minne, jumla megawati 204, ambayo ya kwanza ilianza kazi mwaka 1975, hupokea maji ya Ruaha Mkuu kupitia handaki la karibu kilomita 10, na ni ya aina ya Francis, ambayo maji huizunguka na kupita ndani yake, hivyo hakuna mahali pa kuweka bamba la kuyageuza. Kila eneo la mita 1 ya mraba la handaki refu namna hiyo lina tani 10,000 za maji yanayotembea kwa pamoja. Mahali pa namna hiyo, dawa ya kawaida ni kisima cha msawazo, yaani shimo la wima lililo wazi juu, linalochimbwa mwishoni mwa handaki kabla ya mteremko wa mitambo: mitambo ikifungwa, maji yanayokuja huwa na pa kupandia, yakainuka ndani ya kisima, yakashuka, yakainuka tena, kwa dakika kadhaa, hadi yatulie. Wimbi kali la sekunde limegeuzwa kuwa pumzi ndefu.

Kubashiri mshindo kabla bomba halijafukiwa ni kazi iliyobadilika sana. Kanuni ya Joukowsky hutoa kiwango cha juu pale kufunga kunapokuwa kwa ghafla, na kwa bomba moja lililonyooka hiyo yaweza kutosha. Lakini mtandao wenye matawi, pampu, matangi na vilele huzaa mawimbi mengi yanayopishana, na mahali mawili yanapokutana mshindo unaweza kuzidi hata ule wa kanuni. Hadi katikati ya karne ya 20 wahandisi waliyafuatilia mawimbi hayo kwa mistari ya penseli kwenye karatasi ya grafu, kazi ya siku nyingi kwa bomba moja. Kompyuta zilipokuja, Victor Streeter na Benjamin Wylie wa Marekani, ambao kitabu chao kuhusu jambo hili kilitoka mwaka 1967, walieneza mbinu inayotumika hadi leo: bomba hukatwa kimahesabu kuwa vipande vingi, na kila baada ya sehemu ndogo ya sekunde kompyuta huuliza kila kipande kimepokea habari gani kutoka kwa jirani wa kushoto na jirani wa kulia, kisha huandika msukumo na kasi mpya, na kuendelea. Mwishoni hupatikana mistari miwili juu ya mchoro wa bomba zima, mmoja wa msukumo wa juu kabisa uliowahi kufikiwa kila mahali, mwingine wa chini kabisa, na macho ya mhandisi mzoefu hukimbilia ule wa chini.

Hapa pana kasoro inayofaa kutajwa waziwazi. Programu inayotumiwa sana kusanifu miradi ya maji katika nchi nyingi, EPANET, iliyotolewa mwaka 1993 na wakala wa mazingira wa serikali ya Marekani na inayopatikana bure, hukokotoa maji yaliyotulia katika mwendo wake: asubuhi watu wanachota kiasi hiki, usiku tangi linajaa kiasi kile. Ni chombo kizuri, lakini haikuundwa kukokotoa mshindo. Mradi unaweza kupita kwenye programu hiyo ukiwa na rangi ya kijani kila mahali na bado ukapasuka siku ya kwanza ya kufunguliwa, kwa kuwa kilichopimwa ni bomba likiwa limetulia, nalo huvunjika likiwa limeshtuka.

Mstari wa chini, ule wa mnyonyo, ndio unaosahaulika zaidi, na ndio wenye madhara ya siri. Umeme unapokatika kwenye kisima chenye pampu inayosukuma maji hadi kwenye tangi la mlimani, hakuna anayefunga chochote, bali pampu huzimika tu. Maji yaliyokuwa mbele yake huendelea kupanda kwa nguvu ya mwendo wake, yakiacha nyuma msukumo unaozidi kupungua. Bomba likiwa na kilele njiani, msukumo hapo unaweza kushuka hadi karibu mita 10 chini ya ule wa hewa ya nje, kiwango ambacho maji huchemka yakiwa ya baridi: safu ya maji hukatika vipande viwili, na katikati yake hubaki pengo la mvuke. Sekunde chache baadaye maji yaliyopanda huchoka, hugeuka, hurudi, na vipande hivyo viwili hugongana bila hata chembe ya hewa ya kuvituliza. Mgongano huo ndio unaosikika kama mtu aliyelipiga bomba kwa nyundo, na valvu ya kuzuia maji yasirudi kwenye pampu, ikiwa nzito kujifunga, huongeza pigo la pili.

Madhara ya siri ni haya: msukumo unapokuwa chini ya ule wa nje, kila tundu linalovujisha maji hugeuka kuwa tundu la kunyonya. Katika tambarare ya Malinyi na Ifakara, ambako wakati wa masika bomba hulala chini ya maji ya mafuriko pamoja na vyoo vilivyofurika, kiungio kilicholegea kinaweza kuvuta ndani kile ambacho mtu angetumia fedha nyingi kukizuia. Maji yametoka chanzoni yakiwa safi, yametiwa dawa, na bado yamechafuliwa njiani na bomba lenyewe.

Dawa za mnyonyo zinafahamika, na nyingi si ghali. Valvu ya hewa huwekwa kwenye kilele, ikiingiza hewa msukumo unaposhuka na kuitoa polepole msukumo unaporudi. Polepole, kwa sababu hewa ikitoka kwa mkupuo maji hujipiga yenyewe. Karibu na pampu kubwa huwekwa pipa la hewa, tangi la chuma lililofungwa ambalo nusu yake ni maji na nusu hewa iliyobanwa, na hewa hiyo hufanya kazi ya springi. Gurudumu zito kwenye mhimili wa mota huifanya pampu izimike kwa kuchelewa. Na bila mtu kulikusudia, pampu za umeme wa jua zilizoenea vijijini zimeleta nafuu ya aina yake, kwa kuwa vidhibiti vyake huongeza na kupunguza mwendo kwa kufuata jua, na jua halizami kwa kukatika kama gridi.

Mafuta nayo hufuata sheria ile ile. Bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, lina urefu wa kilomita 1,710 kutoka Kigamboni hadi Ndola nchini Zambia, nalo hupita Morogoro, Iringa na Mbeya, nyuma tu ya milima inayoonekana kutoka bondeni. Wimbi linalosafiri kilomita 1 kwa sekunde, kama bomba hilo lisingekuwa na vituo njiani, lingechukua karibu nusu saa kupeleka Kigamboni habari ya valvu iliyofungwa Ndola, na kwa nusu hiyo ya saa pampu zingeendelea kusukuma kana kwamba hakuna lililotokea. Ndiyo maana bomba refu haliwezi kulitegemea wimbi peke yake lipeleke taarifa: simu na mawasiliano ya redio hutangulia, pampu za nyuma hupunguzwa kabla wimbi halijafika, na valvu za usalama hufunguka zenyewe na kumwaga ziada kwenye tangi la akiba. Habari hiyo ya wimbi ina faida pia. Bomba linapotobolewa, hata na mwizi wa dizeli, wimbi dogo la mnyonyo huondoka pande zote mbili, na vipimo vya vituo viwili vikilinganisha saa lilipowasili, mahali pa tundu hujulikana.

Kuna hata waliomgeuza adui kuwa mtumishi. Joseph-Michel Montgolfier wa Ufaransa, yule yule wa puto la hewa moto, alitengeneza mwaka 1796 pampu isiyotumia mafuta wala umeme, inayofunga valvu yake yenyewe kwa makusudi mara kwa mara, na kwa kila mshindo ikarusha maji kidogo juu kuliko yalikotoka. Mafundi huiita haidramu. Mahali penye mto wenye mteremko na kijiji kilicho juu ya mto, bado ni chombo cha kufaa, na mlio wake, tak, tak, tak, mchana na usiku, ndio mshindo wa maji ukiwa kazini.

Kwa miradi ya mserereko ya kando ya Kilombero, ambayo ikishakamilika na kukaguliwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini, huachwa mikononi mwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vifaa vya Kihansi havihitajiki. Kinachohitajika kwanza ni kuchagua valvu. Ile ya mkono mmoja, inayofungwa kwa robo mzunguko, ni rahisi na haivuji, na kwa sababu hizo imeenea. Lakini kwenye bomba kuu ni hatari, kwa kuwa hata mtoto anaweza kuyasimamisha maji ya kijiji kizima kwa nusu sekunde. Geti valvu ya inchi 4, ambayo huhitaji mizunguko mingi, humlazimisha mfungaji achelewe. Boya la tangi nalo liangaliwe, maana boya linalochezacheza tangi linapokaribia kujaa hufungua na kufunga mara nyingi, na plastiki inayopigwa mara nyingi kwa mapigo madogo huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Bomba lililopasuka kwa mstari mrefu unaofuata urefu wake, mahali pale pale kila baada ya miezi michache, linamwambia fundi kwamba anaziba jeraha huku anayepiga bado yupo.

Wakati mgumu kuliko wote ni baada ya matengenezo. Bomba limekatwa, kipande kimebadilishwa, ndoo zimepangwa foleni kwenye vituo, na fundi anaitwa na watu wote afungue. Akifungua kwa mara moja, maji hukimbia ndani ya bomba tupu kwa kasi ambayo bomba lililojaa halijawahi kuiona, yakiifukuza hewa mbele yake, na hewa ya mwisho ikishatoka kwenye koki nyembamba maji hufika mwisho wa njia na kusimama ghafla. Mpasuko wa pili hutokea mbali na ule wa kwanza, na lawama huangukia ubora wa bomba. Anayejua kazi hufungua valvu kwa mzunguko mmoja au miwili tu, huacha koki za mwisho wa njia wazi, na husubiri, hata kwa saa nzima, hadi zikome kutema hewa na kuanza kutoa maji mfululizo, ndipo anaongeza.

Kufunga kuna hesabu yake. Mizunguko ya kwanza ya geti valvu haipunguzi maji kwa kiasi cha kutajwa. Karibu kazi yote ya kuyazuia hufanywa na ile michache ya mwisho, kwa hiyo fundi anayefunga taratibu mwanzoni na kumalizia kwa kukaza haraka amefanya kinyume. Bomba la PVC la kilomita 4, ambalo wimbi lake hukimbia mita 400 kwa sekunde, huhitaji sekunde 20 ili wimbi liende chanzoni na kurudi. Mzunguko wa tatu kutoka mwisho, kisha mkono uondolewe kwenye ufunguo na kuhesabu hadi 20 au zaidi. Wa pili, kisha kuhesabu tena. Na kabla ya ule wa mwisho, kiganja kiwekwe juu ya bomba ndani ya chemba kusikia kama bado linatetemeka.